Sifa Alizonimwagia Meneja

Sisi tulimwita Meneja. Hata leo, baada ya benki kumwambia kwaheri na tawi lake kugeuzwa duka la magodoro, bado ni Meneja. Ukipita Nyalenda ukitaja jina lake la kitambulisho, watu watakuuliza huyo ni nani. Alizaliwa wapi na ukoo gani sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni viatu vyake vyeusi vya ofisini vikiwa vimejaa mchanga, tai yake imerushwa nyuma ya bega, na mdomo wake ukisema mambo makubwa kuhusu watu wadogo. Mmoja wa hao watu wadogo ni mimi. Kwa hivyo nikimsema vibaya mahali, mjue ninamsema mtu aliyenipenda. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nianze na sauti, kwa sababu alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya benki. Huko alizungumza polepole na chini kabisa, mpaka wateja wakawa wanainama kwenye kioo kama watu wanaosali. Na ukipeleka ombi lolote, jibu lake lilikuwa neno moja: "Tutaangalia." Mama yangu, ambaye anauza chapati na maharagwe kando ya barabara, alienda huko siku moja kukiombea mkopo chama chao cha akina mama. Akarudi anaimba.

"Amekubali!" akatuambia.

"Alisema nini?" Mama Akoth, jirani yetu, akauliza.

"Amesema tutaangalia."

Mama Akoth alicheka mpaka akashika mlango. "Yawa! Hiyo ni hapana ya Meneja. Amekufungia mlango na wewe umemshukuru!"

Nami nilicheka, nikiwa mtoto wa shule. Nilimcheka mama yangu mwenyewe.

Sauti ya pili ilikuwa ya Jumamosi, ya uwanjani, kule chini karibu na ziwa njia ya kwenda Dunga. Hiyo ilisikika mpaka kwa wale wanaoosha magari majini. Meneja alikuwa na mashindano yake ya voliboli ya wasichana, Nyalenda dhidi ya Manyatta, Mamboleo dhidi ya Dunga, na timu moja iliyokuja kutoka mbali, Awasi, ikifika na vumbi la barabara ya Kericho usoni. Watu walimuuliza kwa nini asifanye mpira wa miguu kama watu wengine wenye vyeo.

"Mpira wa miguu una wenyewe," alisema. "Wanasiasa wanaununua kila uchaguzi. Mimi niachieni hawa wasichana na huu mpira ambao hakuna mtu anautaka."

Wavu wetu wa kwanza alimpa mvuvi mmoja aushone. Yule mzee alishona kitu alichokijua, macho mapana ya kukamata mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa, kwa hivyo mpira ukipigwa kwa nguvu uliingia ukanaswa pale katikati ukining'inia. Mechi nzima inasimama. Wachezaji wanabishana ni pointi ya nani. Mashabiki wanaitisha sufuria. Meneja alipanda kwenye kiti, akautoa mpira kwa mikono yake, akasema rudieni, na akashuka bila kucheka hata kidogo. Kwenye voliboli hakuwa na mzaha. Mzaha wake wote aliuweka kwenye kitu kimoja, ambacho lazima nikieleze vizuri kwa sababu ndicho kilichonimaliza.

Kwetu Wajaluo kuna pakruok. Muziki unapigwa, watu wanacheza, kisha mtu ananyanyua mkono, muziki unasimama, naye anajimwagia sifa. Anaweza kujisifu yeye, au kumsifu rafiki, au mke wake, au kijiji chake. Anasema yeye ndiye anayekula samaki bila kutoa miiba, yeye ndiye mvua ikimwona inauliza ipite wapi. Hakuna anayeamini neno hata moja, na hakuna anayekataa hata moja. Utamu wake uko hapo. Kwenye sherehe unalipia hiyo nafasi. Meneja aliileta pakruok uwanjani ikawa inafanyika kila mapumziko, lakini malipo akayabadilisha. Ukitaka kusifu mtu, kwanza ukimbie kuzunguka uwanja. Ukimaliza, unapewa kipaza sauti.

Mngeona! Akina mama wazito wanakimbia wameshika leso. Mchungaji wa kanisa letu alikimbia na Biblia kwapani, akafika kwenye kipaza sauti hana pumzi, akasema tu "Binti yangu... binti yangu..." akakaa chini, na watu wakampigia makofi kuliko wote. Naye Meneja mwenyewe alikimbia kwa viatu vile vyeusi, tai nyuma ya bega, tumbo linatangulia.

Kulikuwa na sharti moja zaidi. Anayesifiwa lazima anyanyue mikono na kujibu "Ni kweli!" Usipojibu, umemtia aibu aliyekukimbilia. Nimewahi kuambiwa kwa kipaza sauti kwamba mkono wangu umepasua mawe ya Kit-Mikayi, na nikajibu ni kweli kwa sauti yangu yote.

Mtu akisoma haya ataona nilikuwa na bahati, na ni kweli, nilikuwa nayo. Mimi niliachia shule kidato cha pili, karo iliposhindikana. Pale mchangani nilikuwa mtu. Meneja alijua magoti yetu moja moja kuliko tulivyoyajua sisi. Alikuwa akimwona msichana anashuka vibaya baada ya kuruka, anamnyooshea kidole: "Wewe wa Manyatta, goti la kushoto, kaa nje." Msichana anakataa, analia, anakaa nje, na wiki ijayo goti limepona. Kulikuwa na mmoja wa Dunga ambaye wajomba zake walitaka kumwoza. Meneja alienda kwao na suti, akakaa nao kwenye viti vya plastiki, akaongea kwa ile sauti ya benki mpaka wajomba wakainama kumsikia. Ndoa ikasahaulika. Tulidhani amewaambia kitu kikubwa sana. Baadaye tulisikia aliwaambia kwamba bila yule msichana, timu ya Dunga haina mtu wa kuanzisha mpira.

Tulicheka sana. Hatukufikiria zaidi ya hapo. Msichana alikuwa ameokoka, sababu ilikuwa na kazi gani?

Kitu kingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia nyumbani kwake. Aliishi Milimani, kwenye nyumba yenye ua mkubwa na miti ya maua. Mara moja aliugua, na mimi na Achieng, rafiki yangu wa timu ya Awasi, tukapanda kumwona, tumebeba ndizi. Askari wa lango akatuuliza sisi ni nani wa Meneja. Tukatazamana. Achieng akasema, "Sisi ni watoto wake." Askari akaingia, akakaa ndani, na mwisho Meneja mwenyewe akatoka na blanketi mabegani, akaongea nasi kupitia kile kidirisha kidogo cha lango. Alituuliza kama tumefanya mazoezi. Akapokea ndizi kupitia hapo hapo, moja moja, kwa sababu mkungu haukupita. Tukarudi tukiteremka ule mlima tukisema masikini, anaumwa, hakutaka kutuambukiza. Achieng akageuka kulitazama lango.

"Hata kivuli cha ua hatujakanyaga," alisema.

"Wewe nawe unapenda kulalamika," nikamjibu.

Nilikuwa hivyo. Mtu akinionyesha shimo, mimi naona mahali pa kupanda mti.

Sasa ndoto yangu. Benki yake ilikuwa na timu ya voliboli ya wanawake huko Nairobi, timu kubwa, ya kuonekana kwenye televisheni. Wachezaji wake wanaajiriwa. Asubuhi uko kaunta umevaa sketi ya buluu, jioni uko ukumbini unaruka kwenye sakafu ya mbao. Hiyo sakafu ya mbao niliiota kuliko hata ajira. Nilikuwa nasuka kichwa cha mtu huku miguu yangu chini ya kiti inajaribu kusikia mbao ikoje.

Meneja ndiye aliyemwalika kocha wa timu hiyo aje kwenye fainali yetu ya Desemba. Habari ilitufikia mapema: anakuja kuchukua msichana mmoja. Mmoja tu. Fainali ilikuwa Nyalenda na Awasi, yaani mimi upande huu, Achieng upande ule. Tulikumbatiana kabla ya mechi, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwamba atafurahi yeyote akichukuliwa.

Sitajisifu mechi yenyewe, nitasema tu kila mpira niliopanda nao juu ulishuka upande wa pili na haukurudi. Kocha alikuwa mama mrefu, mtulivu, mgeni kabisa wa mambo yetu. Alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli wa benki. Wakati wa mapumziko nilimwona anainama, anamwambia Meneja kitu, anaonyesha upande wetu kwa kidevu. Meneja akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kisha akavua koti, akaanza kukimbia.

Uwanja ulilipuka. Alizunguka wote, jasho linamtiririka, akashika kipaza sauti, akanigeukia.

"Mimi ndiye mwenye nyar Nyalenda!"

Nyar Nyalenda, binti wa Nyalenda, ndivyo alivyoniita siku zote. Nikanyanyua mikono. "Ni kweli!"

"Huyu ndiye nguzo ya nyumba yangu! Huyu akiondoka, ziwa litakauka!"

"Ni kweli!"

"Ameniapia hatavuka Awasi! Wamwite na magari, wamwite na ndege, haendi popote! Mwulizeni mwenyewe!"

Nami, mikono juu, meno yote nje, mwenye furaha kuliko mtu yeyote Kisumu nzima, nikapaza sauti: "Ni kweliii!"

Tulishinda. Kocha akaja, akanishika mkono, akanitazama kwa namna ya huruma nisiyoielewa, akasema, "Mungu akubariki hapa hapa ulipo." Kisha akaenda upande wa pili wa wavu akamchukua Achieng.

Nilimsindikiza Achieng kwa machozi ya kweli, nusu ya furaha na nusu ya yale mengine. Nilidhani sikutosha. Mwaka mzima nilidhani hivyo. Nilijipima kila mahali: labda ni urefu, labda ni shule. Aliporudi Krismasi iliyofuata, tukiwa tumekaa kwa mama yangu tunakula chapati, akaniuliza kama mtu anayeogopa kugusa kidonda.

"Lakini kwa nini hukutaka kuja?"

"Kuja wapi?"

"Nairobi. Kocha alikutaka wewe. Aliniambia kwenye gari. Akasema, mwenzako ni hodari lakini ameapa hatoki kwao, mimi simng'oi mtu."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, nikamwaga chai. "Achieng! Ile ilikuwa pakruok!"

"Mimi najua. Yeye hajui. Mimi nilidhani mlipanga na Meneja, labda ni mambo ya mama yako."

"Ngoja Meneja asikie," nikasema. "Atajicheka mpaka aumwe. Atampigia kocha leo leo."

"Chukua namba yake umpigie mwenyewe."

"Nimruke Meneja? Siwezi. Itakuwa ni kama kumruka baba."

Kwa hivyo nilienda benki. Nikasimama kwenye foleni, nikafika, nikamweleza yote nikitabasamu, nikingojea ashike kichwa. Hakushika. Akasogeza kalamu mezani, kidogo tu, ikae sawa na ukingo.

"Tutaangalia, nyathina, mwanangu," akasema.

Na mimi, mtoto wa yule mama niliyemcheka, nilitoka pale naimba.

Nilingoja. Nilicheza msimu uliofuata nikingoja, na tulitolewa mapema, na Meneja akajifungia ndani ya gari lake akilia, nami ndiye niliyegonga kioo kumbembeleza. Mwishowe nilipopata roho ya kumtuma Achieng aniulizie, kocha akamjibu kwamba nafasi zimejaa, angekuja mwaka ule ule. Goti langu nalo likaanza kulalamika, na halikuwa tena na mtu wa kuliambia likae nje. Maji ya ziwa yakapanda yakala uwanja, milingoti ikabaki imesimama majini na magugu yameizunguka. Benki ikafunga tawi. Nikahamia Mamboleo, nikafungua kibanda changu cha ususi, kina kioo kizuri na redio. Nacheka na wateja. Watu husema kwangu hakuna huzuni, na wanalipa na kurudi.

Hapo Mamboleo ndipo nilipokutana naye, majuzi hivi. Jirani yangu ni fundi wa pancha, na gari moja la zamani likaingia linachechemea. Akashuka mzee kichwa cheupe, shati limechomekwa vizuri. Nilimjua kwa tumbo.

"Nyar Nyalenda!" Sauti ilikuwa ile ya uwanjani, lakini imepungua.

"Meneja! Karibu. Kaa hapo kwenye benchi, fundi atachukua muda kidogo."

Akakaa. Mteja niliyekuwa namsuka, dada mmoja anayeuza nguo hapo stendi, alimsalimia kwa heshima na kuinamisha kichwa tena. Meneja akaulizia mama yangu, akaulizia goti, akalitaja lile lile lenye shida. Akaulizia Achieng.

"Bado anacheza. Sasa ni nahodha."

"Ber," akasema. "Ber ahinya. Vizuri sana."

Vidole vyangu viliendelea kusuka. Nadhani kama ningekuwa sina kitu mikononi nisingeuliza.

"Meneja, ile fainali. Yule kocha hakujua pakruok ni nini. Wewe ulilijua hilo?"

Alimtazama fundi akilizungusha gurudumu ndani ya karai la maji, akitafuta pumzi inapotokea.

"Nilimpokea mimi uwanja wa ndege," akasema. "Njia nzima aliuliza, hawa wanaimba nini, wale wanafanya nini. Hakujua kitu."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na wakati wa mapumziko, alikuambia nini?"

"Alisema anataka namba saba."

Namba saba ilikuwa jezi yangu.

"Alisema anataka namba saba," nikarudia, "na wewe ukaenda kukimbia."

"Nikaenda kukimbia."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbuka mahali alipoegesha gari. Nilitaka apige kelele, au alie kama alivyolia ile siku ya kutolewa, ili nami nipate mahali pa kushika.

"Ungeniuliza, Meneja."

"Ningekuuliza ungeenda."

"Ndiyo, ningeenda!"

"Basi." Alifungua viganja vyake magotini. "Timu ingebaki na nani, nyathina? Ule uwanja ungekuwa nini?"

"Ule uwanja sasa ni maji."

Fundi alikuwa ameona tundu, anakwangua mpira. Nilidhani tumemaliza. Lakini akasogea kwenye benchi, na nikaona uso wake unawaka polepole, uso ule wa Jumamosi.

"Nimeanza tena," akasema. "Awasi. Wamenipa kiwanja cha soko, siku isiyo ya soko. Wasichana wako, wana mikono, lakini hawana mtu wa kupiga kutoka juu. Wewe bado unaweza. Goti tutalifunga. Na yule kocha, namba yake bado ninayo. Sasa anafundisha timu nyingine, anatafuta watu wa kumsaidia kufundisha. Naweza kumwambia habari zako."

Mimi ni mtu wa kuota, siwezi kujizuia. Moyo wangu uliruka, baada ya yote hayo. Niliiona ile sakafu ya mbao. Niliona filimbi shingoni mwangu.

"Utamwambia lini?" nikauliza.

"Tumalize kwanza mashindano ya Desemba," akasema.

Akanitazama kwa upendo. Hakuona alichosema. Alingoja jibu langu akiwa ameinua nyusi, mzee mwenye shati safi, na nilitambua kwamba akimpata msichana mwingine huko Awasi mwenye mkono kama wangu, atamkimbilia vilevile, na watu watampigia makofi.

"Sitacheza, Meneja," nikasema.

"Mechi za mwanzo tu."

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja. Na hao wasichana nitakuja kuwaona mimi mwenyewe. Nitawaambia kocha akija wamfuate wamwongeleshe wao, kwa midomo yao."

Alitaka kusema kitu, fundi akamwita. Akasimama, akachomeka shati ambalo lilikuwa tayari limechomekwa, akaniaga, akanituma nimsalimie mama yangu na goti langu. Gari likatoka likashika njia ya Awasi bila kuchechemea.

Mteja wangu alikuwa ameinamisha shingo muda wote huo. Sasa akageuza kichwa, nusu kimesukwa na nusu kimesimama, akanitazama kupitia kioo.

"Kumbe ulikuwa unacheza?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa mzuri?"

"Nilikuwa mzuri sana."

"Sasa mbona uko hapa?"

"Inamisha kichwa," nikamwambia.